Mbunge wa Upinzani Aanze na Nini?



Mara mbili kwa mwaka, tarehe 15 Machi na tarehe 15 Septemba, wabunge wa taifa wanafungua kikao cha kawaida huko Kinshasa, katika Palais du Peuple. Na mara mbili kwa mwaka, katika mikutano ya vijana, linarudi swali lile lile: hao wachache walio upande wa upinzani wanaenda kufanya nini humo ndani? Baada ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, Union Sacrée, muungano unaomuunga mkono Rais wa Jamhuri, ina wabunge zaidi ya 400 katika Bunge lenye viti 500. Anayeketi upande wa pili anajua, hata kabla ya kufungua mdomo, kwamba kura ikipigwa atashindwa.

Wengi kati yenu mnajibu haraka: kazi ya mbunge ni kutunga sheria, basi mpinzani naye alete sheria zake, ya kazi kwa vijana, ya shule, ya barabara. Jibu hilo tunalielewa, lakini hatulikubali. Sheria nzuri tunazo nyingi kuliko tunavyodhani. Wanaokosekana ni watu wa kuuliza zimefikia wapi. Kwa maoni yetu, mbunge wa upinzani anayetaka kuwatumikia wananchi katika miaka 5 ya kipindi chake aanze na hapo. Adai hesabu ya sheria zilizokwisha kupitishwa, na kwanza kabisa hesabu ya fedha za umma, kabla ya kuongeza karatasi nyingine juu ya rundo lililopo.

Tueleze kwa nini njia ya sheria mpya ni nyembamba. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 130, inampa kila mbunge na kila seneta haki ya kupendekeza sheria, sawasawa na Serikali. Pendekezo lake linapelekwa kwanza kwa Serikali, ambayo ina siku 15 za kutoa maoni. Siku hizo zikipita, Bunge linaweza kuendelea na kazi yake. Hadi hapo hakuna ubaya. Lakini kifungu cha 134 kinasema kwamba pendekezo la mbunge halipokelewi kama litapunguza mapato ya Serikali au kuongeza matumizi yake, isipokuwa mbunge huyo aonyeshe fedha za kuziba pengo zitatoka wapi. Ile sheria ya kazi kwa vijana iliyotangazwa wakati wa kampeni, yenye kuahidi mishahara na mikopo, inakwama kwenye kizingiti hicho. Ikivuka, itangoja kuwekwa kwenye ratiba, na ratiba imo mikononi mwa walio wengi.

(Kuhusu daraja, zahanati na mabati ya shule ambayo wagombea wanaahidi kwenye mabango yao, tuseme neno moja tu: hiyo si kazi ya mbunge, na anayeiahidi ama haijui Katiba, ama anategemea kwamba sisi hatuijui.)

Kuna namba moja ambayo kijana anayefuatilia siasa anapaswa kuishika: 50, yaani sehemu moja ya kumi ya Bunge. Kwa kifungu cha 146, hoja ya kumwondoa waziri mmoja haipokelewi bila sahihi za sehemu moja ya kumi ya wabunge. Hoja ya kuiangusha Serikali nzima inahitaji robo, yaani 125. Kwa kifungu cha 139, wabunge wanaotaka sheria iliyopitishwa ichunguzwe na Mahakama ya Katiba kabla ya kutangazwa wanapaswa nao kufikia sehemu moja ya kumi. Upinzani wenye viti vichache namna hii hauwezi kufika huko bila kuungwa mkono na baadhi ya wabunge wa walio wengi. Kwa hiyo mpinzani anayewatukana wenzake wote kwenye redio asubuhi, jioni anajikuta hana wa kumwomba sahihi. Tunalisema hili kwa sababu tumeona vijana wengi wakipima ushujaa wa mbunge kwa ukali wa maneno yake.

Ni nini basi ambacho mbunge mmoja, hata akiwa peke yake, hawezi kunyang'anywa? Swali. Kifungu cha 138 cha Katiba kinataja njia ambazo Bunge linazitumia kuichunguza Serikali, mashirika ya umma na idara za nchi: swali la mdomo au la maandishi, swali kuhusu jambo la wakati huo, kumwita waziri ajieleze, tume ya uchunguzi, na kuwahoji viongozi mbele ya kamati. Swali la maandishi halihitaji sahihi 50. Linahitaji kalamu, mhuri wa mapokezi, na mtu asiyechoka. Mnamkumbuka yule mjane wa Injili ya Luka, sura ya 18, aliyekuwa akimwendea hakimu asiyemcha Mungu wala kumjali mtu. Hakuwa na jamaa mkubwa mjini wala fedha ya kuhonga. Alikuwa na kesi ya haki, na alikuwa akirudi. Hakimu akachoka kabla yake.

Tuchukue jambo ambalo vijana wa Kolwezi, Likasi na Fungurume wanaliona kila siku malori yanapopita. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 iliongeza mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni inalipa kwa madini inayouza. Kwa shaba ulipanda kutoka asilimia 2 hadi 3.5. Kwa madini yanayotangazwa kuwa ya kimkakati, kama kobalti, ni asilimia 10. Na sheria hiyo haikuishia kwenye kiasi. Ilisema pia kila sehemu inakwenda wapi. Asilimia 50 ya mrabaha inakwenda kwa Serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo yalikotoka madini, asilimia 15 kwa serikali ya mahali penyewe, iwe komine, sekta au usultani, na asilimia 10 kwa mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo. Tena, kila mwaka kampuni inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii zinazoishi karibu na mgodi.

Soma tena sehemu ile ya mwisho ya mrabaha: vizazi vijavyo. Siku madini yatakapokwisha, mfuko huo ndio utakaobaki. Kijana mwenye umri wa miaka 15 leo yumo katika hesabu hiyo, ameandikwa ndani ya sheria ya nchi yake, na pengine hakuna aliyewahi kumwambia. Mbunge wa upinzani akituuliza alete sheria gani mpya kuhusu madini, tutamjibu: hiyo iliyopo inatosha kwa mwaka wa kwanza. Muulize Waziri wa Fedha ni kiasi gani kimeingia katika mfuko huo tangu ulipoundwa, kimewekwa benki gani, na nani ana haki ya kutia sahihi ili kitoke. Muulize Waziri wa Madini ni usultani upi na sekta ipi zimepokea ile asilimia 15, mwaka kwa mwaka, na kwa akaunti gani. Halafu leta majibu hayo kwetu, nasi tutakwenda kuangalia kama zahanati iliyoandikwa kwenye karatasi ina paa.

Wasomaji wetu wa majimbo yasiyo na migodi mikubwa wasidhani kwamba wameachwa nje. Kifungu cha 175 cha Katiba kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na kinasema fedha hizo zinakatwa kwenye chanzo, yaani zinabaki jimboni kabla ya kupanda kwenda Kinshasa. Katiba yetu ina umri mkubwa kuliko wengi wenu. Katika muda wote huo majimbo yamekuwa yakingoja Kinshasa iwarudishie, kidogo na kwa kuchelewa, kile ambacho hakikupaswa kuondoka. Gavana anakopa, mwalimu anangoja, na barabara ya kutoka shambani hadi sokoni inageuka mto kila msimu wa mvua. Hatuhitaji sheria ya kurekebisha hilo. Imo tayari katika sheria iliyo juu ya sheria zote.

Ndiyo sababu tunasema kikao cha Septemba ndicho kikao cha mpinzani. Serikali inapaswa kuleta bajeti ya mwaka unaofuata bungeni si baada ya tarehe 15 Septemba. Magazeti yanashughulika na bajeti hiyo mpya, na jumla yake ya mabilioni. Macho machache yanaangalia sheria nyingine inayosafiri kando yake, ile ya kutoa hesabu ya mwaka uliopita: kiasi gani kilikusanywa kweli, kiasi gani kilitumika kweli, na kwa kitu gani. Cour des comptes, mahakama inayochunguza hesabu za Serikali, inaandika maoni yake juu ya hesabu hizo kwa ajili ya Bunge. Hapo ndipo penye siri zote. Wizara iliyopewa fedha za kujenga shule ikazitumia kwa safari inaonekana hapo, katika safu mbili za tarakimu zilizowekwa bega kwa bega. Kusoma safu hizo kunachosha, na hakuna anayepigiwa makofi kwa kuzisoma. Katika Injili, tajiri alipomshuku wakili wake hakumwandikia kanuni mpya. Alimwita na kumdai hesabu.

Watu wa udhibiti tunao hata kati ya watakatifu wetu. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyetangazwa huko Roma tarehe 15 Juni 2025, alikuwa mfanyakazi wa OCC, ofisi inayochunguza bidhaa. Aliuawa mwaka wa 2007 akiwa na miaka 26, kwa sababu alikataa kupokea hongo ili chakula kilichoharibika kipite mpakani na kuingia sokoni. Hakutunga kanuni yoyote. Kanuni ilikuwepo, yeye alikataa kuitia sahihi ya uongo.

Bunge letu lenyewe lina mfano wa kazi ya namna hiyo, wenye utukufu na huzuni pamoja. Wakati wa kipindi cha mpito, tume ya wabunge iliyoongozwa na Christophe Lutundula ilipewa kazi ya kuchunguza mikataba ya kiuchumi iliyotiwa sahihi wakati wa vita vya 1996-1997 na vya 1998. Wabunge hao walifungua mikataba ya madini, wakauliza nani aligawa nini na kwa haki gani, wakapendekeza mikataba mingine ivunjwe au ijadiliwe upya na baadhi ya kampuni zichunguzwe na mahakama. Ripoti ilikabidhiwa Juni 2005. Wabunge wenyewe walingoja hadi mwaka wa 2006 kugawiwa nakala zake. Tunaitaja kwa sababu mbili: inaonyesha kwamba Wakongo wanaweza kuchunguza mambo yao bila kungoja wageni, na inaonyesha pia kwamba uchunguzi usiofuatiliwa na mtu wa kuuliza tena na tena unaishia kwenye kabati.

Na sasa mashariki. Tarehe 6 Mei 2021 état de siège, utawala wa kijeshi wa dharura, ulianza katika majimbo ya Ituri na Kivu Kaskazini. Magavana wa kiraia waliwapisha wanajeshi na polisi, na raia wakapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Kwa kifungu cha 144 cha Katiba, amri ya namna hiyo inakwisha yenyewe baada ya siku 30, isipokuwa Bunge na Seneti zikubali kuirefusha kwa vipindi vya siku 15. Walioandika Katiba walijua walichokuwa wakifanya. Waliweka muda mfupi ili kila baada ya wiki mbili mtu alazimike kusimama na kueleza kwa nini haki za raia bado zimefungwa. Tangu hapo kura za kurefusha zimepigwa tena na tena, hata watu wakaacha kuzihesabu, na kile kilichotungwa kiwe cha pekee kikawa desturi. Huko Beni na Irumu mazishi hayakungoja ratiba ya Bunge.

Hatusemi kwamba kila aliyepiga kura ya ndiyo alikuwa adui wa wananchi. Wapo waliotumaini kweli kwamba jeshi litapata nafasi ya kufanya kazi. Tunachosema ni kwamba hapa ndipo mpinzani alikuwa na kazi isiyoweza kufanywa na mwingine: kudai, kabla ya kila kura, ripoti fupi yenye tarakimu. Raia wangapi wameuawa katika siku hizi 15? Vijiji vingapi vimerudiwa na wenyewe? Fedha kiasi gani zimetoka hazina, na zimemfikia askari aliye msituni au zimebaki ofisini? Mwaka wa 2021 Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Bunge iliwahoji mawaziri na kuandika ripoti ya tathmini. Basi ilikuwa inawezekana. Kilichofanywa mara moja kingeweza kufanywa kila mara.

Tena, mwezi Desemba 2023 watu wa Masisi na Rutshuru, pamoja na wale wa Kwamouth katika jimbo la Mai-Ndombe, hawakupiga kura kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Nani atauliza kwa niaba yao? Katiba inajibu katika kifungu cha 101: mbunge wa taifa anawakilisha taifa, na hafungwi na agizo la wale tu waliomchagua. Mbunge aliyechaguliwa Moba, Luiza au Mbandaka ni mbunge wa Masisi pia. Mpinzani anayefanya hesabu kwamba Masisi haina kura za kumpa, na kwa hiyo haina haraka, hajaelewa kiti alichokalia.

Tunajua kuna wabunge watakaotujibu kwa uchungu: mnataka tukae ndani kama mapambo, tuwape walio wengi sura ya demokrasia? Kutoka nje si ndiyo sauti pekee tuliyobaki nayo? Swali hilo ni la haki, na wakati mwingine jibu ni ndiyo. Tukumbuke lakini Januari 2015. Tarehe 17 mwezi huo Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria ya uchaguzi, yenye aya iliyofunga uchaguzi kwenye kazi ya kuhesabu watu, na ambayo ingeweza kusogeza mbele uchaguzi wa Rais. Upinzani ulikuwa umesusa. Siku chache baadaye vijana walikuwa barabarani Kinshasa na katika miji mingine, na makumi kati yao waliuawa. Kardinali Laurent Monsengwo alipaza sauti kulaani mauaji hayo. Tarehe 23 Seneti, ambamo upande wa Rais ulikuwa na wingi wake pia, iliigusa aya hiyo, na hatimaye ikaondolewa. Hatuwezi kuapa kwamba wapinzani wangeshinda kwa kubaki ndani. Lakini walikuwapo watu upande wa pili walioweza kusikia hoja, nasi tunaona uchungu tukifikiri kwamba walisikia baada ya damu.

Ulinzi wa kifungu cha 220, kinachokataza kugusa idadi na urefu wa vipindi vya Rais, tunauhesabu kuwa wajibu wa kila mbunge, wa upinzani na wa walio wengi. Tangu Rais alipotangaza Kisangani, Oktoba 2024, kwamba ataunda tume kuhusu Katiba, wapinzani wengi hawazungumzi kingine. Tunawaelewa. Ila tunawaomba wasitumie nguvu zao zote mlangoni, huku nyumba inabebwa kupitia dirishani.

Na wasisahau historia inavyogeuka. Tarehe 1 Novemba 1980 wabunge 13 walimwandikia Rais Mobutu barua ndefu wakimdai hesabu. Étienne Tshisekedi alikuwa mmoja wao. Wengi wao walilipa kwa kufungwa na kufukuzwa kwao. Chama kilichozaliwa mwaka wa 1982 kutokana na ujasiri huo ndicho kinachoongoza nchi tangu Januari 2019. Lutundula tuliyemtaja alikuwa mbunge wa upinzani upande wa Moïse Katumbi kabla ya kuingia Serikalini mwaka wa 2021. Anayeuliza leo ndiye atakayeulizwa kesho, kwa hiyo ana faida ya kuacha nyuma yake desturi nzuri ya kuuliza. Sheria ya tarehe 4 Desemba 2007 inaupa upinzani hata cheo cha msemaji rasmi. Kwa miaka mingi kiti hicho kimebaki kitupu, kwa sehemu kubwa kwa sababu wapinzani wenyewe hawakukubaliana nani akikalie. Hapo hatuwezi kuwalaumu walio wengi.

Sasa upande wetu, vijana wa parokia. Wabunge wanarudi nyumbani kati ya vikao, kuanzia tarehe 15 Juni hadi tarehe 15 Septemba, na tena kuanzia tarehe 15 Desemba hadi tarehe 15 Machi. Wakija, tunawapokea kwa ngoma, tunawaomba jezi za mpira na mchango wa sikukuu ya parokia, nao wanatoa kwa furaha, kwa sababu jezi ni rahisi kuliko jibu. Mwaka huu tunapendekeza kila kikundi kimwandikie mbunge wake, wa upinzani au wa walio wengi, barua ya ukurasa mmoja. Isiwe ya kumsifu wala ya kumtisha. Imwombe apeleke bungeni swali moja la maandishi kuhusu jambo moja linalojulikana mahali penu: fedha za jimbo zilizokatwa au zisizokatwa, asilimia 15 ya usultani wenu, shule ambayo wazazi bado wanalipa ingawa Katiba imeifanya elimu ya msingi kuwa ya bure. Iandikwe tarehe, mahali na tarakimu mnazozijua kwa hakika. Tetesi ziachwe nje. Paroko aisome kabla haijaondoka, isije ikageuka barua ya chama.

Barua hizo zifike mikononi mwa wabunge kabla ya tarehe 15 Septemba. Zikichelewa, kamati ya uchumi na fedha itakuwa imekwisha kuanza kuipitia bajeti, na swali lenu litaifuata kwa nyuma.